Bei ya Ngozi na Majina ya Wapagazi

Wapo watu, wa ng'ambo na hata wa hapa kwetu, ambao fahari yao ni kukusanya vitabu vya kale vya wasafiri wa Kizungu waliopita katika nchi hizi: safari za Burton zilizotolewa mwaka 1860, za Speke za mwaka 1863, za Stanley za mwaka 1872 na 1878, pamoja na kumbukumbu za magavana na walowezi zilizofuata. Vitabu hivyo hushindaniwa minadani London. Lakini yafaa tuulize: kinachonunuliwa ni nini hasa? Maneno yake leo husomwa bure katika intaneti na yeyote mwenye simu. Kinacholipiwa, basi, ni jalada la ngozi, ni nakshi ya dhahabu iliyopigwa mgongoni, ni ramani ya kukunja isiyochanika. Tena mkusanyaji wa namna hii hufurahia hata kitabu ambacho kurasa zake hazijapata kukatwa, yaani kitabu ambacho tangu kipigwe chapa hakuna binadamu aliyekisoma!

Baadhi ya wenzetu husema: waacheni wavichukue, kwa kuwa vimejaa matusi. Ni kweli, vimejaa matusi. Mwandishi humwita mpagazi mvivu katika sura ile ile inayoonyesha kwamba mpagazi huyo alitembea kutoka pwani hadi Unyanyembe akiwa na mzigo wa karibu frasila mbili begani. Hata hivyo siafikiani na wenzetu hao. Aliyetukanwa akikataa kuisoma hati ya matusi, mtukanaji hubaki kuwa shahidi peke yake. Isitoshe, hati hiyo ina mengi ambayo mwenyewe hakukusudia kutupa.

Chukua kitabu cha Stanley cha mwaka 1878, juzuu ya pili. Ipite michoro, yapite majigambo, uende mwishoni. Hapo utakuta orodha ya watu wa msafara wake waliokufa katika safari ile iliyoondoka Bagamoyo Novemba 1874 na kufika Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, Agosti 1877. Wako waliokufa kwa ndui, waliozama katika maporomoko, waliouawa vitani. Ni majina ya watu wa Unguja, wa mrima na wa bara. Ni babu za watu walio hai. Mkusanyaji huhesabu kurasa hizo ili kuhakikisha kwamba hazikupungua, kisha hufunga kitabu. Sisi tumeitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Mwalimu Nyerere mwenyewe akatuonyesha njia kwa Julius Caezar mwaka 1963, nalo lilikuwa jambo jema. Basi tunashindwa nini kuichapa orodha ya marehemu wetu, kwa Kiswahili, katika kijitabu cha bei ndogo, kisomwe shuleni Bagamoyo na Tabora?

Chuma na Susi waliushusha mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873, kisha wakapelekwa Uingereza mwaka 1874 wakamsaidia Horace Waller kuzifafanua daftari za marehemu. Kitabu kilipotoka, jina la mhariri lilikuwa moja tu: Waller. Mtoro bin Mwinyi Bakari naye, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa maelezo yaliyomo katika Desturi za Wasuaheli. Lakini kilipochapishwa Göttingen mwaka 1903 kilitembea duniani kwa jina la Carl Velten. Tafsiri ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1981. Leo toleo la kwanza la kitabu hicho ni bidhaa adimu ya wakusanyaji, ilhali kimeandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa Bagamoyo angeifahamu bila mkalimani. Hapa sioni udhuru wowote. Kitabu hakihitaji kutafsiriwa. Kinahitaji mtambo wa kupigia chapa na mtu wa kuamua.

Wala tusimtupie mgeni lawama zote. Wako wafanyabiashara wanaochana ramani na michoro ya vitabu hivi, wakaitia katika fremu na kuiuza mojamoja, kwa sababu vipande hulipa kuliko kitabu kizima. Na wako miongoni mwetu wanaowauzia. Katika maktaba moja ya nchi hii, ambayo sitaitaja, niliomba kitabu cha safari cha karne ya kumi na tisa. Nililetewa kikiwa kimefungwa kwa uzi. Ndani, mahali pa ramani, palibaki ukingo wa karatasi wenye upana wa kidole, umekatwa kwa wembe, umenyooka sawasawa. Nilimwuliza mtunzaji ramani imekwenda wapi. Alinijibu, bila haya, kwamba nisijisumbue, kwa kuwa kitabu hicho hakuna mtu anayekiazima.