Paketi Haipikwi

Naomba nianze kwa kuungama. Muhula wangu wa kwanza hapa Uingereza nilikuwa na boksi moja la konfleksi za kampuni maarufu, lile lenye picha ya jogoo, na boksi hilo lilidumu miezi minne. Si kwamba nilikuwa sili. Kila zikiisha nilinunua zile za chapa ya duka, nikazimimina ndani ya boksi la jogoo, kisha nikalirudisha kabatini mahali ambapo wenzangu wa jikoni wangeliona vizuri.

Siku moja Shangazi akaja kunitembelea kutoka London. Nikamwamkia, nikamkaribisha, na asubuhi nikamwekea konfleksi mezani kwa heshima zote. Akala vijiko viwili, akaligeuza boksi, akasoma tarehe. Boksi lile nilikuwa nimelinunua kwa bei ya punguzo kwa sababu tarehe yake ilikuwa karibu. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu," akasema, "jogoo huyu amekufa tangu Novemba."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Yeye amefanya kazi ya kuhudumia wazee kwa zaidi ya miaka 20, na miaka yote hiyo amenunua chakula cha chapa ya duka. Mabati ya nyumba ya Bibi kule Tanga, ambayo sisi watoto tuliamini yametokana na mshahara mnono wa Ulaya, yalitokana na tofauti ya peni 30 hapa na peni 50 pale. "Bati zile ni maharage ya kopo," alisema. Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni, na leo nayatoa.

Katika mikutano ya klabu yetu mada hii haikosi wabishi. Wapo wanaosema chakula cha chapa ya duka ni cha maskini na mgeni hawezi kuandaliwa. Wapo wanaoapa kwamba vyote vinatoka kiwanda kimoja, tofauti ni karatasi tu. Mimi nasema hivi: anza na cha duka bila haya, na ukinunua chenye jina uwe unaweza kutaja sababu.

Kwanza hiyo haya yenyewe. Mwaka 1924 mfanyabiashara wa London aitwaye Jack Cohen alinunua shehena ya chai kwa T. E. Stockwell. Akachukua herufi za jina la muuzaji, akaongeza mbili za mwanzo wa jina lake la ukoo, na paketi zile zikaitwa Tesco. Maana yake jina la duka kubwa kuliko yote nchini hapa lilizaliwa juu ya paketi ya chai ya chapa ya duka. Na chai inayonywewa hapa kwa wingi inatoka Kenya. Mchumaji wa Kericho hajui jani lake litaingia boksi lipi. Sasa sisi, watu wa nchi yenye chai, tunaona aibu ya nini?

Nakubali kwamba maduka nayo yamechangia. Mwaka 1993 Tesco walileta bidhaa za Value zenye mistari ya buluu na nyeupe. Mwaka 2022 Asda wakaleta Just Essentials zenye paketi za njano kali. Baadhi ya wanunuzi walilalamika kwamba njano ile inamtangaza mtu tangu mlangoni, wengine wakashukuru kwamba wanaiona upesi kwenye rafu. Nawaelewa wote. Lakini kumbukeni wakati wenyewe ulivyokuwa: hadi Machi 2023 bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja. Bei ikipanda hivyo, rangi ya paketi ni la mwisho la kuangalia.

Kuhusu "kiwanda kimoja", tusidanganyane. Mara nyingine ni kweli, lakini hata kiwanda kikiwa kimoja, kipimo cha viungo kinaweza kuwa kingine. Dawa yake ni kusoma. Sheria ya hapa inataka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Ukiona kwenye kopo la mchuzi wa nyanya maji yametangulia nyanya, rudisha. Tazama pia zile herufi ndogo kwenye rafu zinazoonyesha bei kwa kilo au kwa gramu 100, kwa sababu paketi kubwa haimaanishi nafuu. Na sisi Waislamu tusome zaidi: jelatini ya nguruwe huingia kwenye peremende zenye jina na zisizo na jina vilevile.

Msije mkadhani jina kubwa ni kinga. Mwanzoni mwa 2013 baga zilizouzwa kama za ng'ombe hapa na Ireland, baadhi zikiwa za chapa za maduka, zilikutwa na nyama ya farasi. Haikupita muda, lasanya za kampuni yenye jina lake nazo zikakutwa vivyo hivyo.

Wapo wanaouliza kama urahisi huu haumwumizi mkulima. Swali ni la haki, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kwa mazao. Lakini paketi ya bei ghali si ushahidi kwamba mkulima kalipwa. Tafuta alama ya Fairtrade, nayo imo hata kwenye chapa za maduka. Co-op waliihamishia chokoleti yao yote ya chapa ya duka kwenye Fairtrade tangu 2002.

Je, nanunua kila kitu cha duka? Hapana. Chumvi, sukari, unga wa ngano, maharage, dengu, nyanya za kopo na maziwa: vya duka, sina mjadala. Chai pia, maana ukishaichemsha na maziwa, tangawizi na iliki, hakuna atakayekuuliza jina la paketi. Lakini mchele wa pilau sifanyi mzaha nao. Niliwahi kujaribu ule wa bei ya chini kabisa, wageni wakala bokoboko. Hapo sababu ninayo, na ninailipia.

Ninayaandika haya kwa ajili ya jambo moja. Mwaka jana mwenzetu mmoja alimaliza wiki tatu akila mlo mmoja kwa siku. Tuligundua alipokosa nguvu ya kuja mazoezini. Tulipokwenda chumbani kwake tukakuta kabatini vitu vyote vya majina makubwa, vichache, vimepangwa mbele mbele kama dukani. Hela ya mwezi ilikuwa imeishia hapo. Alituambia aliogopa tungemwona kaishiwa. Sisi! Ambao nusu yetu tulikuwa tunamimina konfleksi kwenye boksi la jogoo.

Kwa hiyo Septemba wageni wapya watakapofika, naomba kila mwanachama mkongwe amchukue mmoja dukani, asukume toroli pamoja naye, amwonyeshe rafu za chini ambako vya bei nafuu huwekwa mara nyingi, na atie vyake kwenye toroli bila kuvificha. Kijana akimwona dada au kaka yake wa klabu amebeba paketi ya njano mchana kweupe, atakuwa amejifunza zaidi kuliko kwa kusoma makala hii.

Boksi la jogoo nimeshalitupa. Konfleksi sasa zinakaa kwenye mkebe wa plastiki, na Shangazi akija anakula bila kuuliza.