Goma: kupanga peke yako ao kugawana nyumba? Hesabu ya zamani haitoshi tena

Kwa kijana anayetafuta nyumba mjini Goma, iwe Ndosho, Katindo, Himbi ao Majengo, swali la mtaa linakuja nyuma siku hizi. La kwanza ni hili: aingie peke yake, ao agawane nyumba na wenzake wawili ao watatu? Wanafunzi wanaotoka Masisi, Rutshuru, Walikale ao Idjwi walijiuliza hivyo tangu zamani, na jibu lilikuwa jepesi. Anayegawana analipa kidogo, anayekaa peke yake ana utulivu. Kila mtu alichagua kufuatana na mfuko wake.

Tangu mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, M23 ilipouteka mji, hesabu hiyo imevurugika. Benki zilifunga milango. Uwanja wa ndege ulifungwa. Wakati huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake, na mashirika yaliyokuwa yakiajiri vijana wengi wenye diploma yalipunguza watu. Aliyekuwa na mshahara wa kila mwezi akajikuta anaishi kwa kazi za siku moja moja. Feza zinazotumwa na jamaa zinapita kwenye simu, na kila anayezitoa anakatwa kitu. Mwenye nyumba naye anangoja tarehe ileile, maana kwa wengi ile feza ya nyumba ndiyo inayolipa masomo ya watoto wao.

Tuanze na garanti, kwa sababu ndiyo inayofunga mlango mbele ya wengi. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, inayohusu upangishaji wa nyumba, inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa garanti haiwezi kupita miezi 3. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, na mpangaji anakubali kwa kuwa anajua nyuma yake kuna mwingine anayengoja. Juu ya hiyo kuna mwezi wa kwanza, na kuna feza ya komisioneri aliyekuonyesha mlango.

Tuchukue mfano, bila kusema kwamba ndiyo bei ya soko. Nyumba ya vyumba vitatu na saloni inapangishwa dola 120 kwa mwezi. Chumba cha mtu mmoja chenye choo chake kinapangishwa dola 70. Kwa kufuata sheria, anayekaa peke yake atatoa dola 210 za garanti na 70 za mwezi wa kwanza, jumla 280. Watatu wakigawana ile nyumba kubwa, kila mmoja atatoa 120 za garanti na 40 za mwezi, jumla 160. Tofauti ni dola 120 siku ya kuingia, kisha dola 30 kila mwezi. Kwa mtu asiye na kazi ya kudumu, dola 120 ni mtaji wa kuanza kuuza kitu kidogo ao sehemu nzuri ya feza za masomo.

Kuna pia yale yasiyoandikwa kwenye mkataba. Mbabula inayopika ugali wa mtu mmoja inakula makala karibu sawa na ile inayopika wa watu watatu. Hilo kila mama wa Goma analijua, lakini mwanafunzi analigundua mwezi wa kwanza akiwa peke yake. Taa ya saloni ni ileile kwa mmoja ao kwa watatu. Kwenye maji hakuna faida kubwa hivyo, maana kila mtu anaoga kwa bidoni yake, ila watatu wanaweza kupokezana kwenda kuchota pale robine inapokauka.

Mpaka hapo kugawana kunashinda. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya jambo moja: wote watatu wabaki. Mmoja akienda, 40 inakuwa 60. Wawili wakienda, aliyebaki ana nyumba ya dola 120 mikononi, yeye aliyekimbia chumba cha 70 akisema ni bei kali. Na Goma ni mji ambao watu wanaondoka ghafla. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo iliunguza sehemu kubwa ya mji. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ililipuka tena, na siku chache baadaye viongozi wakaamuru mitaa mingi ihame; watu wakatawanyika Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2025 wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine wakatafuta njia ya Beni ao ya Kinshasa, na si wote waliorudi. Katika nyumba zilizogawanwa, aliyebaki ndiye aliyeulizwa kodi ya waliokwenda.

Anaulizwa yeye hasa ikiwa jina lake ndilo liko kwenye karatasi. Hii ndiyo sehemu ambayo vijana wengi wanaipita haraka. Mara nyingi mmoja anasaini, yule mwenye kazi ao mwenye umri mkubwa, na wengine wanampa feza mkononi. Mbele ya sheria mpangaji ni aliyesaini. Wenzake, kwa macho ya mwenye nyumba, ni wageni wake. Siku ya kutoka, garanti inarudishwa kwake, na hapo urafiki mwingi unakufa: mmoja anadai dola 120 zake, mwingine anajibu kwamba zilikatwa kwa kioo kilichovunjika na miezi miwili ya umeme, na hakuna karatasi inayosema nani alitoa nini.

Lakini kwa maoni yetu jambo zito zaidi si feza, ni wageni. Mwezi wa 2 mwaka 2025, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilivunjwa baada ya M23 kuwaamuru watu warudi kwao. Wengine walirudi. Wengine walikuta nyumba imechomwa ao shamba limechukuliwa, wakaja kwa jamaa mjini. Jamaa huyo mara nyingi ni kijana aliyepanga: mtoto wa kaka, mpwa, binamu anayesoma chuo kikuu. Shangazi anafika jioni na watoto wawili na godoro limekunjwa. Hakuna mtu wa huku atakayemwambia shangazi yake kwamba mkataba hauruhusu.

Anayekaa peke yake anaamua mwenyewe. Anawapa kitanda, yeye analala chini, na maisha yanaendelea kwa shida yake. Anayegawana nyumba yuko kati ya mawe mawili. Akimpokea shangazi, wenzake wanaona saloni imekuwa chumba cha kulala, maji yanaisha mara mbili haraka, na kodi bado inagawanywa kwa tatu. Akimkataa, habari itafika kijijini kabla yake. Na wenzake nao wana shangazi. Tunajua nyumba ambamo wapangaji watatu walikuwa watu kumi na mmoja kwa wiki kadhaa. Walivumiliana kwa sababu kila mmoja alikuwa na wa kwake ndani, si kwa sababu walikuwa wamepatana mbele. Pale ambapo mmoja tu ndiye mwenye wageni, ni vigumu ipite miezi miwili bila ugomvi.

Hapo wengine watasema: kwa nini usikae kwa baba mdogo ao kwa kaka mkubwa, bila kulipa kitu? Bila kulipa ni kusema tu. Mwanafunzi anayekaa kwa jamaa analipa kwa kuchota maji, kuosha vyombo, kufundisha watoto jioni, na kurudi kabla ya saa mbili za usiku. Msichana analipa mara mbili ya mvulana. Kuna nyumba za jamaa zinazomlea mtu mpaka anamaliza masomo, na kuna zile ambamo anarudia mwaka kwa sababu hakupata saa ya kusoma. Hata hivyo, kwa asiye na garanti hata ya dola 100, ndiyo njia pekee iliyobaki, na si aibu.

Usalama nao unavuta huku na huku. Wezi wenye silaha wanaingia usiku katika mitaa kadhaa, na mtu wa peke yake hana wa kumwita isipokuwa jirani ambaye naye amefunga mlango. Akitoka asubuhi kutafuta kazi, nyumba inabaki tupu mchana kutwa, na kila mtu kwenye avenyu anajua. Kwa hilo, kuwa watatu kuna faida wazi. Lakini Goma ni pia mji wa misako. Mwaka 2024, chini ya serkali, kulikuwa na operesheni ya Safisha Muji wa Goma, na baada ya mji kubadilisha mikono misako haikuisha. Wanaopiga mlango usiku wanauliza nani anakaa hapa. Mwenzako ambaye jina lake halijulikani kwa chefu wa avenyu wala kwa chefu wa nyumba kumi anaweza kukuletea tatizo ambalo hukulitafuta, hata kama ni mtu safi. Na ikiwa si mtu safi, utaulizwa wewe pia.

Kwa wasichana kuna mzigo mwingine. Binti anayepanga peke yake anasemwa, hata kama anatoka kazini saa kumi na moja na kulala saa mbili. Wenye nyumba wengine wanamkataa kabisa, ao wanamwuliza maswali ambayo hawamwulizi mvulana: nani atakulipia, nani atakutembelea. Wasichana wawili ao watatu pamoja wanaaminika haraka. Ni ubaguzi, na tunausema hivyo, lakini anayetafuta nyumba wiki hii hana muda wa kuungoja uishe.

Basi nani akae peke yake? Yule mwenye kipato kinachojulikana, anayeweza kulipa miezi mitatu hata mshahara ukichelewa, na hasa mwenye jamaa wengi vijijini ambao wanaweza kufika saa yoyote. Kwake, dola 30 za juu kila mwezi zinanunua haki ya kufungua mlango bila kuomba ruhusa. Kwa mwanafunzi, kwa motari anayelipa kila siku, kwa aliyepoteza kazi ya shirika, kugawana ni bora, ila kwa wawili kuliko wanne. Wawili wakiachana, aliyebaki anatafuta mtu mmoja. Wakiwa wanne, kila mwezi kuna mmoja ambaye hakupata, na watatu wengine wanazoea kumsubiri.

Na kabla ya kuhamisha hata godoro, mambo machache yaandikwe. Majina yote yawe kwenye mkataba, ao mwenye nyumba akikataa, wapangaji waandike karatasi yao wenyewe: kila mmoja alitoa kiasi gani cha garanti, tarehe gani, mbele ya nani. Anayeondoka atoe habari mwezi mmoja mbele, na garanti yake alipwe na yule anayeingia mahali pake, si na waliobaki. Mgeni akipita wiki mbili, mwenyeji wake aongeze sehemu yake ya maji na umeme. Majina yote yapelekwe kwa chefu wa avenyu siku ileile ya kuingia, si wiki ya pili. Karatasi hiyo inaandikwa kwa nusu saa na inagharimu kopi tatu.