Kitambulisho chako chafika mbali kuliko unavyodhani

Kila mwaka ifikapo Novemba, mambo mawili hutawala mazungumzo katika mitaa ya Makongeni, Landless na Kiganjo hapa Thika, na vilevile kule Kimbo na Githurai upande wa Ruiru. La kwanza ni likizo, la pili ni karo ya Januari. Watoto wamefunga shule na wako nyumbani. Baba au mama anayefanya kazi kiwandani ana siku zake za mapumziko, kwani Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, akishatimiza miezi 12. Na kila mara hutokea mmoja katika jamii akauliza: mbona mwaka huu tusitoke nje ya nchi, hata mara moja tu?

Swali hilo ni zuri, wala halipaswi kuchekwa. Kutembea kwingi kuona mengi, walisema wahenga. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukisikia neno ng'ambo, mawazo huruka moja kwa moja hadi Dubai au London. Hapo ndipo mtu huanza kulipa kidogo kidogo kwa simu kwa wakala ambaye hajawahi kuiona ofisi yake, na Desemba ikifika, wakala hapatikani. Kabla ya kumlipa yeyote anayeuza safari, uliza kama ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, tena uione kwa macho. Asiyetaka kuionyesha, mwache na safari yake.

Juma hili nataka tuzungumzie ng'ambo iliyo karibu zaidi, ambayo familia ya mshahara wa kawaida yaweza kuifikia kwa basi na kurudi bila madeni.

Stakabadhi kwanza

Wengi bado hawajui kwamba tangu mwaka wa 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mtu mzima anayekwenda Kampala hahitaji pasipoti. Tanzania haikuingia katika mpango huo, hivyo ukielekea Arusha au Moshi utahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki inayotolewa na Idara ya Uhamiaji.

Watoto ndio husahaulika. Mtoto hana kitambulisho, na kwa hivyo anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria. Beba pia cheti chake cha kuzaliwa. Ikiwa anasafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, chukua barua ya idhini kutoka kwa mzazi aliyebaki. Maafisa wa mpakani wana wajibu wa kuzuia biashara haramu ya watoto, na hawakosei wakikuuliza. Shughulikia mambo haya mapema. Usingoje wiki ya Krismasi, wakati foleni za Nyayo House huwa ndefu.

Kuna pia kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Huulizwa mipakani, na anayekosa hujikuta akibembeleza mbele ya dirisha la afya huku basi likipiga honi. Chanjo yenyewe huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hivyo kuchanjwa siku moja kabla ya safari hakukusaidii. Jambo la kufurahisha ni kwamba tangu Julai 2016, cheti hicho ni cha maisha. Utalipa mara moja tu.

Jinja, dada yake Thika

Ukiniuliza familia ya Thika ianzie wapi, nitakujibu Jinja. Mji huu uko kando ya Ziwa Viktoria, kiasi cha kilomita 80 kabla ya kufika Kampala, na basi linalotoka Nairobi kwenda Kampala hupitia hapo. Wewe uliyezoea moshi wa viwanda na maporomoko ya Chania utajihisi uko nyumbani. Jinja nao ni mji wa viwanda na maji. Umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka wa 1954, ndio ulioleta viwanda vya nguo na vinginevyo, na nje kidogo ya mji yako mashamba ya miwa ya Kakira.

Hapo ndipo Mto Nile unapoanza safari yake ya zaidi ya kilomita 6,600 hadi Bahari ya Mediterania. Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali hapo mwaka wa 1862, ingawa wenyeji walikuwa wakiyanywa maji hayo tangu enzi za mababu. Mtoto aliyesoma habari hizo darasani atasimama ukingoni na kuyaona maji kwa macho yake. Kuna pia sanamu ya Mahatma Gandhi, kwani sehemu ya majivu yake ilitawanywa hapo mwaka wa 1948. Katika barabara kuu utaona majumba ya kale yaliyojengwa na Wahindi. Mwambie mwanao jinsi Idi Amin alivyowafukuza wenye majumba hayo mwaka wa 1972, na jinsi uchumi wa mji ulivyoanguka. Somo hilo halihitaji tikiti.

Tahadhari moja: vitabu vya zamani vya watalii husifu maporomoko ya Bujagali. Msiyatafute. Yalifunikwa na maji ya bwawa jipya la umeme lililokamilika mwaka wa 2012.

Kuhusu matumizi, chakula ndicho kitakachokupunguzia gharama. Matoke kwa njugu, samaki wa ziwani, na chapati iliyoviringishwa na mayai ambayo Waganda huiita roleksi, huwashibisha watoto kwa pesa kidogo. Lakini jihadhari na hesabu. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda, na mtu akishika noti zenye sifuri nyingi hujiona tajiri. Andika bei kwa shilingi zetu kwenye daftari dogo kila jioni, na utajua ulipofikia.

Jua pia lugha ya usafiri. Kule Uganda, gari unaloliita matatu huitwa teksi. Ukitaka gari la peke yako, uliza spesho. Asiyejua tofauti hiyo huweza kulipa gari zima akidhani analipia kiti kimoja. Kwa upande wa bodaboda, neno lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu kutoka boda hadi boda. Patana bei kabla ya kupanda, na mtoto asipande bila kofia ya usalama.

Arusha, Moshi na Kigali

Kwa wenye pasipoti au hati ya muda, Arusha iko kiasi cha kilomita 270 kutoka Nairobi kupitia Namanga. Ni safari ya mchana mmoja. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo, na Makumbusho ya Azimio yanaeleza Azimio la Arusha la Februari 1967. Waambie vijana kwamba mpaka huo wanaouvuka kwa saa moja ulifungwa mwaka wa 1977 jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983.

Kilomita 80 mbele ni Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kuupanda mlima wenyewe, mita 5,895, ni gharama kubwa ambayo sikushauri uiweke katika bajeti ya familia. Lakini kuutazama alfajiri mawingu yanapoachana hakutozwi hata senti, na vijiji vya Wachaga vina maporomoko na migomba ya kutosha kuwachosha watoto. Acha mifuko ya plastiki nyumbani, kwani Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Rwanda iliipiga marufuku mapema zaidi, mwaka wa 2008.

Kigali ni mbali, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Nairobi, na afadhali uigawanye safari kwa kulala Kampala. Kwa wanafunzi wa vyuo naipendekeza sana. Makumbusho ya Gisozi, yaliyofunguliwa 2004, ni mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, na hakuna kiingilio. Watoto wadogo wasipelekwe huko. Unapovuka barabara Rwanda, tazama kushoto kwanza, kwani magari hupita upande wa kulia.

Usalama una kalenda yake

Mji ulio salama mwezi wa Agosti huenda usiwe salama Oktoba. Kabla ya kukata tikiti, tazama tarehe za uchaguzi. Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi. Nchini Tanzania, baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, kulitokea ghasia, wakazi wa Dar es Salaam wakaamriwa wasitoke nje usiku, na mawasiliano ya intaneti yakakatwa. Sisi wenyewe tuliwafungia jirani njia mapema mwaka wa 2008. Jirani si mbaya. Ila kuna wiki ambazo hata mwenyeji hukaa kwake.

Tazama pia sikukuu. Wiki ya Juni 3, mahujaji humiminika Namugongo karibu na Kampala kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, na vyumba vya kulala huwa adimu. Kama huendi kuhiji, chagua wiki nyingine.

Mwenye familia asafiri mchana. Najua basi la usiku huokoa pesa za lojingi, lakini kushuka mpakani saa nane usiku na watoto wenye usingizi na mizigo ni kuwakaribisha wezi. Badilisha pesa katika benki au duka lenye leseni, wala si kwa kijana anayekufuata na bunda mkononi. Usipokee chakula wala kinywaji cha msafiri usiyemjua. Na mzigo wa mtu mwingine, hata akiwa jirani yako wa miaka mingi, usiubebe bila kuufungua ukaona kilichomo.

Hesabu ya bahasha tano

Sasa tuje kwenye pesa, maana mkono mtupu haulambwi. Nunua bahasha tano. Ya kwanza ni nauli ya kwenda, ya pili malazi, ya tatu chakula na matembezi, ya nne dharura, na ya tano ni nauli ya kurudi, ambayo haifunguliwi hata jua likiwaka vipi. Anza kuzijaza Januari. Mnaweza kuunda chama cha familia tatu au nne mnaofanya kazi pamoja, mkaweka akiba kila mwisho wa mwezi, na mkasafiri pamoja. Wengi hupatana bei nzuri ya vyumba, na watoto hupata wenzao wa kucheza.

Lakini kabla ya bahasha hizo tano kuna ya sita, nayo ni karo ya Januari. Hiyo ijazwe kwanza. Nimeona watu wakisema safari ilikuwa rahisi kwa sababu nauli ilikuwa rahisi. Si hivyo. Bei ya safari ni nauli, malazi, chakula, stakabadhi, pamoja na kile unachokikuta nyumbani unaporudi. Mtoto aliyeuona Mto Nile Desemba kisha akafukuzwa shule Januari hatakushukuru kwa mto huo. Ikiwa bahasha ya karo haijajaa, hakuna aibu. Nendeni Maporomoko ya Fourteen au Ol Donyo Sabuk kwa siku moja, mrudi jioni, na Jinja ingoje mwaka ujao. Mto haujahama tangu Speke aondoke.

Kwa mwenye bahasha zilizojaa, sina la kuongeza ila kumtakia heri. Funga mizigo midogo, mwachie jirani unayemwamini nambari ya simu na jina la mahali mtakapolala, na uwape watoto daftari la kuandika wanayoyaona. Hadi Jumapili ijayo, safari njema.