Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Juu ya Goti Langu

Mheshimiwa Waziri,

Naomba ruhusa nikushughulishe kwa habari ya goti moja, nalo ni goti langu la kulia, ambalo hata leo halikunjiki kiasi cha kuniwezesha kukaa mkekani, hata nasali juu ya kiti kama mgeni, na ambalo halikuharibiwa na gari bali na huruma ya jirani zangu.

Ajali yenyewe sitaizungumza sana. Tulikuwa twatoka Segera twaelekea Muheza, usiku, katika gari dogo la abiria, na dereva wetu akaliparamia lori bovu lililoachwa njiani bila ya taa wala alama, isipokuwa vile vitawi vya majani ambavyo madereva wetu wamevifanya kuwa ishara ya hatari, kana kwamba gizani majani huonekana. Nilivunjika paja. Hospitalini nilitiwa chuma ndani ya mfupa, kazi iliyofanywa kwa ustadi ambao sina budi kuushukuru, na juma la pili nikaruhusiwa kurudi kwetu Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, nikiwa na magongo mawili na karatasi iliyoniagiza kuhudhuria mazoezi ya viungo mjini Tanga mara mbili kwa juma. Na mara mbili kwa juma, kwa mtu wa Bweni, ni kuvuka mto kwa pantoni mara nne, kisha kutafuta gari ambalo utingo wake atakubali abiria wa mguu mmoja.

Hapo ndipo jirani waliponipokea. Mtaani kwetu, kama ilivyo katika mitaa mingi ya pwani, tuna chama cha kufa na kuzikana, ambacho katiba yake inaeleza kwa tafsili habari za sanda, ubani na chakula cha wafiwa, wala haimtaji popote mwanachama aliye hai. Kikao kilifanywa baada ya sala ya Isha, mweka hazina, mwalimu mstaafu mwenye kuheshimu maandishi, akasema hana idhini ya kutoa hata senti kwa ajili ya mtu asiyekufa, na bibi mmoja aliyekaa nyuma akamwuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, tumngoje?" Katiba ikarekebishwa usiku ule ule, na fedha zilizowekewa maiti zikalipa deni langu la hospitali.

Vijana walinivusha juu ya kitanda cha kamba, baada ya mjadala mrefu juu ya kulitumia tusi la msikiti, rai ambayo mke wangu aliikata kwa maneno machache nisiyoweza kuyaandika kwa Waziri. Akina mama wakapeana zamu ya kupika, jikoni kwetu pasiwashwe moto siku arubaini. Seremala akachimbia uani boriti mbili za mkoko, sambamba, kimo cha kiuno, nijifunze kutembea katikati yake (boriti kuukuu, za nyumba iliyobomolewa, nasema mapema, asije ofisa wa misitu akanipatia sababu ya barua ya pili).

Ila hapakuwa na mwenye kujua. Kila nilipojaribu kulikunja goti nikapiga yowe, walinizuia, wakaliweka juu ya mto wa sufi, wakalikanda kwa mafuta ya nazi, wakanisihi nisilisumbue. Mwezi wa tatu, nauli ilipopatikana kwa mchango mwingine, nilifika Tanga, na mtaalamu akanieleza kwamba paja likisha kutiwa chuma goti hutakiwa kukunjwa tangu siku za mwanzo, kwani msuli uliolazwa hugandamana na mfupa unaounga, na goti lililokakamaa huenda lisirudi lote. Sikuwa na uso wa kuwaambia jirani zangu. Watalijua leo, kwa kuwa barua hii ni ya wazi, nami nawaomba radhi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, hesabu inayofika hadi nukta. Lakini waliojeruhiwa kila mwaka husemwa kuwa kati ya milioni 20 na milioni 50. Ndani ya hitilafu hiyo ya watu milioni 30 nadhani tumo sisi tuliokwisha kurudi nyumbani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 huenda ikatupunguzia mzigo wa fedha, inshallah. Ninaloomba ni jingine, na si ghali: majeruhi asitolewe wodini kabla ahali zake wawili hawajaonyeshwa, kwa mikono yao, namna ya kumwinua na kumnyoosha, na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, ambao hutupigia hodi kwa habari za wajawazito na watoto, wafundishwe pia kutazama mguu uliovunjika.

Boriti zingali uani. Kila alfajiri huja kijana wa bodaboda aliyevunjika mwezi uliopita, naye huniuliza mimi, kwa kuwa nimetangulia, kama goti lake likunjwe au liachwe. Vunjiko lake liko chini ya goti, tena ana plasta, nami sijui la kumjibu.

Wasalaam,
Mkaazi wa Bweni, Pangani