Simu Nzito, Akiba na Amana za Watu



Wiki iliyopita alikuja mteja kuchukua gauni lake, akataka kulipiga picha ampelekee dada yake aliyeko Pemba. Akafungua kamera, tukangoja. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi mwanzo, mwisho ikamwambia hakuna nafasi. Akacheka kwa haya. "Hii imeshazeeka, dada. Kila siku namwambia baba watoto aninunulie nyengine, ananambia ngojea."

Simu yenyewe haijafika miaka miwili. Nikamuomba tuitazame pamoja, yeye ameishika mwenyewe. Ina GB 32. Iliyobaki haifiki GB 1, na WhatsApp peke yake imekula zaidi ya 13.

Mimi si fundi wa simu, ni fundi charahani. Lakini rai yangu ni hii, na asiyekubaliana nami aniambie: simu zetu nyingi tunazoziita mbovu hazijazeeka, zimejaa. Na zimejaa kwa sababu tunaogopa kuzifungua tukatazama ndani, tumeshaambiwa hayo mambo ya wanaume. Mtu anapanga pilau ya arusi ya watu mia tatu bila kukosea hesabu ya mchele, halafu simu yake mwenyewe anampa mtoto wa miaka kumi na tatu amrekebishie.

Tuanze na hii kashe inayotajwa sana. Ukiweka simu kwa Kiswahili utakuta imeandikwa Akiba, na kitufe chake ni Futa akiba. Kwa Kiingereza ni Clear cache. Neno lenyewe linatutia woga, maana sisi tumelelewa kuweka akiba, si kuifuta! Lakini hii si akiba ya kibubu. Mimi nikishona, pembeni ya charahani naweka pini, chaki, mkasi na nyuzi za rangi ninazozitumia siku ile, nisiwe nainuka kila dakika kwenda kabatini. Kashe ni hivyo hivyo. Programu inaweka karibu picha na vipande vya kurasa ulizokwishafungua, isiende kuvichota tena kwenye intaneti ikala bando lako. Ukivifuta hakuna chako kinachopotea. Programu itavitafuta tena, na mara ya kwanza itakuwa nzito kidogo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaofuta kashe kila usiku kama nyiradi za kulala. Unakusanya pini zote unazifungia kabatini, asubuhi unazitoa upya. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, simu inaipa kila programu kiwango chake cha kashe, na nafasi ikipungua inaanza kufuta yenyewe kwa zile zilizopita kiwango. Wewe futa pale programu moja inapogoma au unapoona kashe yake imevimba. Ingia Mipangilio, Programu, ichague programu yenyewe, kisha Hifadhi. Kwangu zilizovimba huwa ni kivinjari na Facebook.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoungua. Kwenye ukurasa ule ule kuna kitufe cha pili: Futa data, au kwenye simu nyengine Futa hifadhi. Hiki hakikusanyi pini. Hiki kinachukua daftari la vipimo na kulitia moto.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Nguo za sikukuu zimejaa mpaka juu ya kabati, nimetoka tarawehe nikarudi kwenye charahani, na simu inakwama kila nikitaka kutazama vipimo vya mtu. Vipimo vyote nilikuwa naviandika kwenye programu ya madaftari, sikuiunganisha na akaunti yoyote. Nikaingia kufuta kashe kama nilivyoona kwenye video, kashe ikafutika, simu bado nzito. Nikaona kile kitufe chengine, nikasema labda hiki ndicho chenye nguvu. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, maana hakuna anayesoma yale maandishi saa sita ya usiku. Nilipoifungua programu ilinikaribisha kama mgeni. Wateja zaidi ya arubaini, vifua, viuno, mabega, urefu wa mikono, hakuna hata mmoja.

Niliowahi kuwakatia vitambaa walisalimika. Waliobaki niliwapigia mmoja mmoja, na mtu yuko jikoni na futari unamwambia njoo upimwe tena. Mmoja yuko Wete, ikabidi atume gauni lake la zamani kwa boti niligeze. Mwengine hakupatikana, nikashona kwa kukadiria, kiuno kikabana. Nilimrudishia pesa zake, na haki yake ya kuvaa nguo mpya siku ya sikukuu sikuweza kumrudishia. Alinisamehe. Mimi mpaka leo nikimuona njiani naangalia kiuno chake kwanza.

Siku hizi vipimo viko kwenye daftari la karatasi, kwa kalamu, na nakala iko kwenye programu iliyounganishwa na akaunti ya Google. Kabla ya kugusa Futa data, hakikisha kuna nakala mahali pengine. WhatsApp nayo ni hivyo hivyo.

Halafu kuna hizi programu za kusafisha simu, zenye picha ya ufagio au roketi. Mimi naziona kama yule mtu anayekwambia nyumba yako ina hasadi ili umlipe akuondolee. Tangu Android 6 ya 2015, programu ya kawaida uliyopakua haina ruhusa ya kufuta kashe za wenziwe kama zamani. Kinachobaki ni kukutishia kwa rangi nyekundu na kukujazia matangazo, nayo yenyewe inafanya kazi chini chini na kula betri. Ukiifuta hiyo, tayari umeshasafisha. Na ile tabia ya kufagia programu zote kwa kidole kila dakika, iacheni. Android inajipangia yenyewe kumbukumbu yake, na ukiilazimisha kuanza upya kila mara betri ndiyo inayolipa. Kuizima na kuiwasha mara moja kwa wiki kunatosha.

Kwa hivyo kinachojaza ni nini? Najua nitawaudhi baadhi yenu: ni magurupu. Gurupu la arusi, la mchezo, la wazazi wa skuli, la darsa, la ukoo wa baba na la ukoo wa mama. Kila Ijumaa picha za maua na Ijumaa Mubarak, na video za mawaidha ambazo mtu hakuzisikiliza hadi mwisho lakini amezituma kwa watu mia mbili. Mawaidha nayapenda, msinielewe vibaya. Thawabu naitarajia katika kuyasikiliza na kuyafanyia kazi, siioni katika kujaza simu ya mwenzio anayeitegemea kwa riziki.

Ingieni Mipangilio ya WhatsApp, Hifadhi na data. Kwenye upakuaji wa kiotomatiki ondoeni alama zote, picha na video zisishuke mpaka wewe uzibonyeze. Hapo hapo pana sehemu ya kudhibiti hifadhi, inayokuonesha mafaili yaliyozidi MB 5 na kila gurupu limekula kiasi gani. Yule mteja wangu tulikaa naye nusu saa, anachagua mwenyewe cha kufuta na cha kubaki. Sauti za marehemu mama yake hatukuzigusa. Zilipatikana karibu GB 9.

Tahadhari moja kwa wanaotumia Google Photos: picha iliyokwisha kunakiliwa huko, ukiifuta humo inaondoka na kwenye nakala pia. Na picha uliyoifuta inakaa kwanza kwenye tupio, hadi siku 60 kama ilikuwa imenakiliwa. Hilo linafaa ukifuta kwa bahati mbaya. Lakini linanileta kwenye jambo linalonikera kuliko hili la uzito.

Simuni mwangu mna picha za wateja. Mwanamke anajaribu gauni, kichwa wazi, mikono wazi, ananitumia nione bega linavyokaa. Ananitumia mimi kwa sababu ni mwanamke mwenziwe na fundi wake. Hiyo ni amana, na sote tulisoma chuoni kuwa kukhini amana ni katika alama za mnafiki. Na mimi, miaka kadhaa nyuma, niliiacha simu yangu kutwa nzima kwa kijana wa dukani, pamoja na namba ya siri, ati aniondolee uzito. Jioni nilipoipokea alinambia, "Dada, una picha nyingi wewe." Hakuongeza kitu. Lile neno lilinikosesha usingizi.

Sasa nguo ikishachukuliwa nafuta picha na tupio nalitoa. Simu ikiharibika kweli, kadi ya kumbukumbu naitoa, nakaa hapo hapo dukani, na namba ya siri naiingiza kwa kidole changu. Kama kazi ni ya skrini au betri, fundi ataitaka namba yako ya nini? Baadhi ya Samsung za karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha vitu vyako simu ikiwa kwa fundi, mwenye nayo aiwashe.

Sikatai, kuna simu zinazokwisha. Betri iliyovimba usiibembeleze, itoe nyumbani. Simu ambayo WhatsApp imeshaikataa kwa Android yake kuukuu, hiyo nayo imefika mwisho. Lakini bei ya simu mpya mimi naihesabu kwa vitambaa, na sikubali kutoa bunda la vitambaa ili nipate mahali pa kuweka maua ya Ijumaa.

Mteja wangu alipiga picha yake siku ile, kamera ikafunguka papo hapo. Dada yake akajibu kutoka Pemba kabla gauni halijakunjwa: naye anataka kama lile, rangi ya kijani, mikono iwe mirefu zaidi. Nikamwambia alete vipimo, nikavuta daftari.