Nani Alitangulia Sisibo?

Oktoba 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakiongozwa na Jan van Rensburg. Ndugu wa ukoo wa Van Breda walikuwa wamekwisha kulowea huko miaka michache kabla. Shamba Namba 64, ambalo udongo wake haukumvutia mkulima, likajengwa posta, na mwaka 1912 mahali hapo pakaitwa rasmi Eldoret. Wenyeji wengi hadi leo husema Sisibo, yaani "sixty-four", namba ile ile ya shamba.

Ndivyo historia ya mji huu inavyosimuliwa kwa kawaida. Toleo hili tulilokuandalia halianzii hapo. Si kwamba masimulizi hayo ni uongo. Kupandisha magari yale kwenye matope ya milimani hakukuwa mchezo. Tatizo ni kwamba huanza pale hati za mashamba zinapoanza. Mashimo ya Sirikwa, mabaki ya mazizi ya wafugaji wa kale, yalikuwapo zamani sana. Wamaasai walioziachia nyanda hizo jina lao walisambaratishwa na vita vya karne ya 19, Wanandi wakachunga humo, na mwaka 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa na Waingereza katika kikao kilichoitwa cha amani. Kufikia hapo Uingereza ilikuwa imekwisha kuwapendekezea Wazayuni ardhi hiyo hiyo, nao wakaikataa. Ardhi ya watu, ikitembezwa kama karanga!

Lakini kumng'oa Van Rensburg na kumsimika "wa kwanza" mwingine hatutaki. Swali la nani alitangulia lilikwisha kuua watu huku mwaka 1992, na tena Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilipochomwa moto na watu wakiwa ndani.

Kwa hiyo tumeanza na jasho. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kuishi na kulima kipande chake. Hati ilikuwa na jina moja. Jembe lilishikwa na kaya nyingi. Anayetaka kujua ardhi ni ya nani hatapata jibu humu. Atasoma nani aliilima, kwa ujira gani, na alielekea wapi mashamba yalipouzwa baada ya uhuru.