Ugonjwa wa wazazi wetu si soko la simu

Vijana wenzetu wa Bunia, Beni, Butembo, Kindu, Kalemie, Lubumbashi, na popote mulipo,

Leo tunaandika juu ya simu ambazo karibu kila nyumba ya mujini imekwisha kuzipokea. Namba haijulikani, sauti ni tamu: "Jambo Mama, niko dokta wa farmasi ya mtandaoni. Dawa yako ya tansio iko tayari, lakini bei hii ni ya leo tu." Ukikata, wanapiga tena na namba ingine. Ukizuia hiyo nayo, kesho inalia ya tatu.

Watu wengi wanacheka, wanasema ni wasumbufu tu. Sisi hatucheki, juu iko mambo mawili nyuma ya simu hizi: feza ya mgonjwa na maisha yake.

Kwanza tueleze namna inavyotembea. Kwenye Facebook unaona tangazo: dawa ya sukari, ya tansio, ya mgongo, ya nguvu za kiume, inaponyesha kwa siku chache. Unabonyeza. Wanakuomba jina, namba ya telefone na ugonjwa unaokutesa. Hapo hakuna dawa uliyonunua bado, lakini wewe umekwisha kuuzwa. Namba yako pamoja na ugonjwa wako vinaingia kwenye liste, na liste inatembea toka mkono moja mpaka mwingine. Njo maana mtu usiyemujua anakuita kwa jina na anajua kama mama yako ana sukari. Si muujiza wala si udaktari.

Kisha wanaomba utume feza mbele kwa telefone, ao wanakuletea pakiti kwa pikipiki na hakuna anwani ya kurudisha. Na aliyenunua mara moja hapumziki tena. Huko Marekani, FDA, ofisi yao ya dawa, ilionya zamani juu ya matapeli waliopigia simu watu waliokwisha kununua dawa mtandaoni, wakijifanya wakaguzi wa serikali na kudai faini. Mwizi anajua mlango uliofunguka mara moja.

Sasa maisha. Tukumbuke Ituri. Toka mwisho wa 2014 mpaka 2015, watu wapata elfu moja, wengi wao watoto, walifika hospitalini shingo imepinda, uso na ulimi vinakaza. Mwanzoni waganga waliwaza ni meninjiti. Ilipopimwa, vidonge vilivyoandikwa diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili. Dawa ile haikuuzwa kwa simu. Ilikuwa imefika mpaka kwenye vituo vya afya. Basi tujiulize: kama kopo lililopita mikononi mwa waganga lilidanganya vile, tutaamini namna gani pakiti iliyoletwa na mtu ambaye hata jina lake la kweli hatulijui? OMS ilisema 2017 kwamba katika nchi kama yetu, dawa moja kwa kila kumi haifikii kiwango ao ni ya uongo.

Na iko hatari ingine ambayo haionekani haraka. Hata kama kidonge chao ni unga mutupu, mzazi anaambiwa: "Acha zile za hospitali, hizi zinatosha." Anaacha dawa yake ya tansio. Haumwi siku hiyo wala kesho yake. Siku anaanguka, yule "dokta" amekwisha kutupa SIM.

Tusiwatukane wazazi wetu kwamba ni wajinga. Mama anajibu simu ile juu kwenda kumuona muganga kunaomba feza ya fishi, ya kupimwa, ya dawa, na pengine ya usafiri, kabla hajauza hata kilo moja ya maharagi. Mtapeli anampigia mwenyewe, anamsikiliza dakika ishirini, anamwita Mama. Ni wapi tena anasikilizwa dakika ishirini? Pale ambapo serikali imeacha nafasi wazi, sauti tamu inaingia.

Na sisi, wenye lisansi zetu ndani ya bahasha, jambo hili linatugusa upande mwingine pia. Sauti zile ni za nani? Mara nyingi ni za vijana kama sisi. Tunaona matangazo: "Tunatafuta vijana wanaosema vizuri Kiswahili na Kifaransa, kazi ya nyumbani, malipo ni asilimia kwa kila komande." Tunajua njaa ya kukosa kazi, hatuna haja ya kufundishwa. Lakini kujiita dokta mbele ya mama mgonjwa ili ule asilimia kumi juu yake, ile si kazi. Tukatae kuazimisha sauti zetu.

Nyumbani, tuanze leo. Usiseme ugonjwa wako kwa namba iliyokupigia. Uliza farmasi iko avenue gani na farmasia wake ni nani. Mtapeli atakata mwenyewe. Usitume feza mbele, wala usitoe namba ya siri ya telefone. Andika namba yao, siku na saa, piga picha ya ujumbe, kisha ndipo uzuie. Kama pakiti imekwisha kufika nyumbani, usiitupe: ipeleke kwa muganga pamoja na kartoni yake. Na mzazi asiache dawa ya hospitali bila kusema na aliyemwandikia.

Wakubwa wa inchi nao wasikie. Sheria iko. Code du numérique, ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda taarifa za mtu binafsi. Karatasi peke yake haikati simu. Kwa hiyo tunadai:

1. ARPTC pamoja na kampuni za simu waweke namba fupi ya bure ya kushitaki, na namba zilizoshitakiwa zifungwe na mwenyewe atafutwe. Tulitoa kadi zetu za mchaguzi ili kuandikisha SIM. Zisitumike kutujua sisi tu, zitumike kumujua na mwizi.

2. ACOREP, ofisi inayosimamia dawa, itangaze wazi, na kwa Kiswahili pia, ni farmasi gani zina ruhusa katika kila muji, na dawa gani za uongo zimekamatwa.

3. Wanaouza liste za wagonjwa wafikishwe mbele ya tribinali, si vijana wanaopiga simu peke yao.

4. Bei ya kumuona muganga na ya dawa za tansio na sukari kwenye vituo vya serikali ibandikwe mlangoni, na iwe bei ambayo mama wa soko anaiweza.

Sisi tutaanza kukusanya namba na picha za ujumbe mutakazotutumia, bila majina ya wagonjwa, na tutazipeleka wenyewe kwenye ofisi hizo. Jioni ya leo, kaa na mzazi wako, mwombe telefone yake, muangalie pamoja ni nani amemupigia wiki hii.